Mwaka Niliompa Kapushi Sauti

Bernadette amekufa. Niliambiwa Jumanne asubuhi, nikichambua mboga ya lengalenga uani, na aliyeniambia ni jirani yangu, aliyenipazia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ileile anayotumia kunijulisha kwamba maji ya bomba yamekatika. Ukifika umri wangu, kifo cha mwenzako ni habari ya kupitishwa ukutani. Alifia Lubumbashi, kwa Odette, binti yake wa mwisho, ambako alikuwa akija kukaa miezi kadhaa kila mwaka. Lubumbashi si mbali na hapa Likasi. Ukipanda basi asubuhi, chakula cha mchana unakila huku. Miaka yote hiyo yeye hakupanda basi hilo, na mimi sikupanda la kwenda kwake. Sasa jamaa zake waliobaki mjini wanafanya kilio kule mtaa wa Kikula, Odette mwenyewe amekuja, na watu wananiuliza nitakwenda saa ngapi. Hawaulizi kama nitakwenda. Kila mzee aliyekulia Shituru, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, anajua kwamba mimi na Bernadette tulikula sahani moja. Wasichojua ni kwamba tangu mwaka ule Katanga ilipojitangaza nchi peke yake nimeishi na swali moja, na kwa sababu ya swali hilo sikuwahi kumwandikia hata barua. Swali lenyewe ni fupi. Bernadette alijua, au hakujua?

Sitaeleza habari za wazazi wangu. Walikuwa Basanga wa hapahapa, watu wa misa ya Jumapili na shamba la mihogo, na hawana hatia katika jambo hili. Nyumba iliyonilea mwaka ule ilikuwa ya jirani yetu, Papa Mbuyi, baba yake Bernadette, Muluba wa mkoa wa Kasai, karani katika ofisi ya kiwanda. Ilikuwa nyumba ya kampuni kama yetu, vyumba viwili na jiko la nyuma, moshi ule ule wa kiwanda ukitukwaruza koo wote bila kuuliza kabila. Lakini chumba chao cha mbele kilikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua mekundu, na juu ya meza hiyo nilijifunza Kifaransa. Kila siku Papa Mbuyi akitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu, alitukalisha mimi na Bernadette, akatusomea imla kutoka gazeti la zamani, huku akizunguka meza mikono nyuma, kidole kimoja kimenaswa ndani ya ngumi ya mkono wa pili. Kisha Mama Mbuyi alileta bidia. Ni ugali, bukari ileile ya kwetu, ila wao huchanganya unga wa mihogo mwingi, inakuwa laini na inavutika, na mama yangu aliisema kwamba ni chakula cha wasio na meno. Mimi niliipenda kuliko ya kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na sauti ya kukwaruza iliyobaki baada ya surua. Papa Mbuyi alisema sauti yangu imepata kutu, lakini kwamba darasani itanifaa, wanafunzi hawatasinzia. Ndiye mtu wa kwanza aliyesema kwamba nitakuwa mwalimu. Alisema hivyo akitanguliza neno lake, maana hakuwa na sentensi isiyoanza nalo: "En principe," yaani kimsingi. En principe mvua haitanyesha leo. En principe msichana anaweza kusoma mpaka université. Makarani wote walilipenda neno hilo siku zile, lakini yeye alilitumia hata kuomba chumvi.

Jumapili alasiri kulikuwa na sinema. Ukumbi wa kambi ulizibwa madirisha kwa mablanketi meusi, joto lilikuwa la kupikia mikate, na tulibanana juu ya mabenchi tukisubiri Kapushi. Pushi ni paka kwa watu wetu, na tulimwita Kapushi kwa mapenzi. Alikuwa paka wa kuchorwa, mwenye milia, tumbo mbele, sharubu moja imepinda, na kazi yake ilikuwa kuiba samaki madirishani mwa watu. Filamu zake zilikuwa nne tu, zimechakaa hata mvua ilionekana kunyesha ndani ya nyumba za watu aliowaibia, na hazikuwa na maneno. Maneno aliyatia Monsieur Anaclet. Huyu alikuwa mtu wetu wa Katanga, mwembamba, msafi wa kola, aliyesimama nyuma ya nguo nyeupe ya sinema na kipaza sauti cha bati, akisema kwa niaba ya kila mmoja: paka, mwenye samaki, mbwa, polisi. Kila wiki alibadilisha. Filamu ileile Jumapili hii ilikuwa habari ya mume mlevi, Jumapili ijayo ilikuwa habari ya msimamizi wa kiwandani, na ndiyo maana hatukuzichoka. Bila Anaclet, Kapushi alikuwa wino tu. Akitoka kuiba, Kapushi alitembea kwa miguu miwili, taratibu, mikono nyuma, kama mtu mwenye heshima zake anayekwenda kazini. Na kambi nzima ilijua nani hutembea hivyo.

Papa Mbuyi mwenyewe alijua. Mimi ndiye niliyeleta mchezo huo mezani kwake. Nilizunguka meza mikono nyuma, nikatoa tumbo, nikakohoa mara mbili kama yeye, nikasema kwa lafudhi yake ya Kasai, "En principe, samaki huyu hana mwenyewe." Alicheka mpaka akavua miwani. Bernadette alianguka juu ya mama yake. Tangu siku hiyo, mgeni akija, Papa Mbuyi alisema, "Moni, mufanyie mugeni Papa Mbuyi," na mimi nikamfanya, na yeye akarekebisha: nikohoe kidogo zaidi, kidole nikinase vizuri. Alinifundisha kumwiga kama alivyonifundisha imla. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuokota sauti ile barabarani. Nilipewa, ndani ya nyumba, na mwenyewe.

Halafu ikaja bendera mpya yenye misalaba ya shaba, na stempu mpya, na askari Wazungu wa kukodiwa wakinywa bia mchana mbele ya posta. Watu wanaosema leo kwamba miaka ile ilikuwa mizuri, mkate ulikuwepo na treni zilifika, nawaachia mkate wao. Mimi nilisikia yaliyosemwa bombani. "Bale bantu ya Kasai banajaza ofisi yote," mwanamke mmoja alisema siku moja, ndoo kichwani, wala hakupunguza sauti, ingawa Mama Mbuyi alikuwa wa tatu katika mstari. "Batoto yetu batakula wapi?" Mama Mbuyi alijaza ndoo yake akaondoka. Wiki chache baadaye familia za Kasai ziliacha kuja sinema. Hakuna aliyewakataza. Walihesabu tu macho yaliyowageukia, wakabaki nyumbani, na Bernadette akawa ananiuliza Jumatatu, "Kapushi alifanya nini jana?" nami nikamsimulia.

Ukumbi ulipata mkubwa mpya, mmoja wa vijana wa chama kilichotawala, mwenye beji kifuani. Jumapili moja alikaa mbele, akatazama filamu nzima bila kucheka, kisha akaenda nyuma ya nguo. Nilikuwepo huko, kwa sababu miezi hiyo Anaclet alinipa sauti ya mwanamke mwenye samaki, sentensi mbili tatu tu. Kijana alimuuliza, kwa upole kabisa, "Huyu Kapushi ni mwizi, hapana? Aseme basi sawa bale bezi tunajua." Anaclet akainamisha kichwa. Jumapili iliyofuata alijaribu lafudhi ya Kasai, na alishindwa vibaya. Ilikuwa kama Mzungu mwenye mafua. Watu waliguna. Baada ya onyesho alinikuta nikikunja mablanketi.

"Moni, weye unaikala pembeni yabo," alisema. "Unajua namna ule mzee anasemaka. Minye najaribu, lakini bantu habacheke."

"Na bakijua ni minye?"

"Nani atajua? Utakuwa nyuma ya nguo. Mu kile kipaza, sauti yote ni moja. Na kama kuko neno, itakuwa neno yangu."

Ningependa kuandika kwamba nilitishwa. Miaka mingi nilijisimulia hivyo, nikamwongezea yule kijana bunduki, na Anaclet nikamfanya alie. Hakukuwa na bunduki. Anaclet aliniuliza mara moja tu, na alikuwa tayari kusikia hapana. Niliona usoni mwake kwamba hapana ingemfaa, angekuwa na kisingizio. Nilikubali kwa sababu nilijua naweza. Kwa miezi nilikuwa na sentensi mbili za mwanamke aliyeibiwa, na sasa napewa Kapushi mwenyewe. Nilitaka kumfanya Kapushi mbele ya ukumbi mzima, na nilitaka kuliko nilivyompenda Bernadette. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili hiyo Kapushi alichungulia dirishani, akamwona samaki juu ya sahani, nami nikakohoa mara mbili kwenye bati. Kabla sijasema neno, ukumbi ulianza kucheka. Nikasema, "En principe, samaki huyu hana mwenyewe." Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kiligonga nguo ikatikisika. Benchi moja lilivunjika. Kapushi alipotoka mikono nyuma, mtu akapiga kelele, "Papa Mbuyi," na ukumbi wote ukalipokea jina, wakaliimba wakigonga miguu sakafuni. Nilikuwa nimesimama gizani nyuma ya nguo, kipaza sauti mkononi, na nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo nikilichukia, lakini ndilo lenyewe. Nilimfanya Jumapili tatu, na kila Jumapili niliongeza: Kapushi akiomba chumvi, Kapushi akimfundisha mbwa imla, Kapushi akisema binti yake atakwenda université kwa samaki wa wengine. Yote niliyatoa kwenye meza ile ya maua mekundu.

Matokeo yalikuja haraka. Papa Mbuyi alipokwenda kazini, watu walimlilia kama paka kutoka nyuma ya kuta, na si watoto tu. Nilimsikia fundi mzima wa reli, mtu wa sala, akisema nyau. Mtu alichora paka kwa makaa kwenye mlango wao. Mama Mbuyi aliufuta kwa majivu na kesho yake paka alikuwepo tena. Na ndani ya nyumba nikaona jambo lililonikata zaidi ya mlango. Papa Mbuyi aliacha kuweka mikono nyuma. Akizunguka meza kutusomea imla, aliitia mifukoni, na kwa kuwa hakuizoea mifuko alitembea kama amefungwa. Akaanza sentensi, "En pr...", akakatisha, akameza, akasema, "Yaani." Nyakati nyingine hakumaliza sentensi kabisa. Mwanamume wa miaka hamsini, anajifunza upya kutembea na kusema ndani ya nyumba yake, na mimi nimekaa pale na kalamu, nasubiri neno linalofuata.

Jioni moja baada ya Jumapili ya tatu tulikaa kula, wanne wote. Kulikuwa na bidia na makayabu, samaki wa chumvi ambao wakati huo walikuwa adimu, na Mama Mbuyi alikuwa amenikatia kipande cha katikati, kisicho na miiba. Bernadette hakuwa ameanza kula. Aliniangalia.

"Moni, banasema ku cinéma Anaclet anaigaka baba. Weye unaendaka kule. Ulisikia?"

Papa Mbuyi aliendelea kutafuna. Redio ilikuwa chini, ikisoma salamu za watu.

"Minye sikusikia kitu," nikasema.

Sauti yangu ilikwaruza kuliko kawaida. Bernadette hakuondoa macho. Alifungua mdomo aseme tena, lakini Mama Mbuyi alinisogezea sahani. "Muache akule kwanza," alisema. Nikala. Niliangalia maua ya kitambaa, moja baada ya jingine, mpaka sahani ikawa tupu, na hakuna aliyeniuliza tena.

Waliondoka kabla ya mwezi kwisha. Usiku mmoja mawe yalivunja dirisha la mbele, na asubuhi ofisi ikamwambia Papa Mbuyi kwamba haiwezi kumhakikishia usalama, maneno mazuri ya kumwambia mtu asirudi. Lori lilikuja kuchukua familia kadhaa kuzipeleka Lubumbashi, kwenye kambi iliyolindwa na askari wenye kofia za buluu. Kila familia iliruhusiwa masanduku mawili. Meza ilibaki. Nilisimama barabarani pamoja na majirani wengine, na Bernadette alinikumbatia haraka, mikono yake baridi, kisha akapanda. Papa Mbuyi alikuwa wa mwisho kupanda. Mbele ya watu wote waliomwimba, aliweka mikono nyuma, akanasa kidole, akakohoa mara mbili. Hakuna aliyecheka. "Moni," alisema, "en principe, utakuwa mwalimu." Kisha akapanda, akasaidiwa na mkewe.

Alikufa kambini kwa kuhara damu, hakuiona tena Kasai. Habari hiyo nayo ilinifikia kwa njia ya ukuta. Mimi nikawa mwalimu. Miaka karibu arobaini nimesoma imla mbele ya watoto wa mji huu nikizunguka madawati, na wakaguzi walisifu Kifaransa changu, wakauliza nilikipata wapi. Watu wachache niliowahi kuwagusia habari hii, bila kusema yote, walinipoza kwamba wale wangefukuzwa hata bila sinema, kwamba mambo yalipangwa juu, na wakubwa. Najua. Nimekuwa na miaka sitini ya kulijua hilo, na kila mara linanipa nafuu ya dakika tano. Wangefukuzwa, ndiyo. Lakini walifukuzwa wakichekwa, na kicheko kile kilikuwa kazi yangu, niliyoifanya vizuri. Anaclet alichukua lawama kama alivyoahidi. Baada ya vita vya Katanga kwisha, mtu alimtemea mate sokoni kwa ajili ya Papa Mbuyi, naye akajifuta, akaniona nimesimama kwenye viazi, akapita bila kunitaja. Na huyo nilimwacha apite.

Basi nilikwenda kilio. Walikuwa wamepanga viti vya plastiki uani chini ya turubai, wanawake wamekaa kwenye mikeka na picha ya Bernadette juu ya kiti, mzee, mnene, mwenye macho yaleyale ya kungoja. Nilimtambua Odette kabla ya kuonyeshwa; alitembea mikono nyuma. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha karibu naye, na binti yake wa miaka minane hivi akaja kusimama mbele yetu akinitazama. Mjomba mmoja akaniuliza kama nilikuwa na habari za ugonjwa.

"Hapana, baba," nikasema. "Minye sikusikia kitu."

Mtoto akacheka. Alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. "Mama," alimwambia Odette, "huyu anasemaka sawa Kapushi."

"Nyamaza," Odette akasema. Kisha kwangu, kwa haya, "Mama unisamehe. Ni hadisi ya nkambo yake, mama yangu. Alikuwa anabahadisiaka batoto bote, hata sisi."

Nilimwomba mtoto anisimulie. Odette hakutaka, lakini mimi ni mzee, na mzee akiomba kwenye kilio hanyimwi. Mtoto alisimama wima kama darasani.

"Kapushi iko na samaki mu kinywa. Banamuuliza, ni weye? Anasema," na hapo aliishusha sauti, akaikwaruza kooni, na ilikuwa sauti yangu, kutu yote, sauti ya msichana wa miaka kumi na sita, "minye sikusikia kitu."

"Na kisha?" nikauliza.

"Kisha banamukalisha ku meza, banamupa bukari. Bote banajua ni yeye. Mama yabo anasema, muache akule kwanza."

"Na kisha?"

"Kisha banangojea aseme. Lakini anakula tu, anaangalia chini."

"Na mwisho wake?"

Mtoto alifikiri. "Njo mwisho," akasema. "Banangojea tu."

Walikuwa wameanza kugawa chakula. Odette aliinuka, akarudi na sahani ya bidia, laini, yenye mihogo mingi, na kipande cha makayabu, cha katikati. Aliiweka mbele yangu, akaleta maji ya kunawa, kisha akasimama, mikono nyuma, akinitazama, bila haraka. Mtoto naye alinitazama. Nilinawa mikono. Nilikula yote, na mkeka ule ulikuwa na milia ya kijani na ya njano, kumi na minne ya kijani, kumi na mitatu ya njano.